Barua kwa mwanangu: siku ya kuja na siku ya kuondoka

Mwanangu mpenzi Zuhura,

Asalaam aleikum. Shikamoo yako pamoja na ya mumeo zimefika, marahaba sana, na Mwenyezi Mungu azidi kukupa nguvu katika hali uliyo nayo. Sisi huku Ngamiani hatujambo. Baba yako mguu umemtulia, na mvua ya masika inatunyeshea kiasi kwamba nguo zinakaa kambani siku mbili bila kukauka.

Umeuliza kama mimi na baba yako tuje Dodoma kabla hujajifungua au tusubiri hadi siku ya saba, kwa sababu mama mkwe wako naye ameomba kuja kutoka Kondoa, na nyumba yenu ni ya vyumba viwili. Nimelisoma swali hilo mara tatu, na kila nikitaka kulijibu ninajikuta ninawaza jambo jingine, nalo si siku ya kufika bali ni siku ya kuondoka. Kufika kila mtu anakujua. Mgeni wa mtoto mchanga hufika na doti ya kanga, na sabuni, na kuku, akapokewa kwa vigelegele. Lakini sijaona wengi wanaokaa wakajiuliza ni siku gani hasa mzazi atamhitaji mtu, na ni siku gani nyumba itakuwa imejaa watu ambao yeye mwenyewe, akiwa bado hajaweza kukaa vizuri, ndiye anayehangaika kuuliza kama wamekula. Unajua nisemavyo, na wadogo zako wamechoka kunisikia: mtoto mchanga hakosi wa kumpakata, anayekosa mtu ni mzazi.

Sijawahi kukueleza vizuri habari ya Bibi yako wa Pangani na kile kitambaa cha marekani. Kipande chake unakijua, kwa kuwa ndicho nilichotandika kwenye droo ya kabati la sahani, na uliwahi kuniuliza kwa nini sikitupi.

Ulizaliwa Aprili 1993, katika masika kama haya. Bibi yako wa Muheza, mama yake baba yako, alifika siku ile ile niliyoruhusiwa kutoka hospitali, akiwa na mkungu wa ndizi na kanga zake za kulalia. Mama yangu alikuwa ng'ambo ya mto, Bweni, na siku hizo Pangani hapakuwa na daraja. Aliyetoka Bweni alisubiri pantoni, akishavuka ndipo atafute basi la Tanga linalopita Kigombe katikati ya mashamba ya mkonge, kilomita 50 hivi za njia ya udongo ambazo mvua ikinyesha zilikula siku nzima. Alifika siku ya tatu jioni, matope yamempanda hadi kwenye ugoko, na mzigo wake ulikuwa nazi sita, ng'onda, pilipili manga ndani ya fundo la leso, na kitambaa cheupe cha marekani, urefu wa mikono minne, kilichopindwa pembeni kwa uzi mwekundu.

Kitambaa kile ndicho kilichokuwa mkaja. Upande wa baba yako walimpa siku ya harusi yangu, kama mama wa bibi harusi anavyopewa, kwa sababu ndiye aliyefungwa mkaja tumboni siku aliponizaa mimi. Hakukishona kitu. Alikitunza miaka miwili, akisubiri nami nizae ili anifunge kwa mikono yake.

Alipoingia alikuta nimeshafungwa. Mkwe wangu alikuwa amenikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, amenikaza kwa kaniki, uji upo jikoni, mtoto ameshaoga na kupakwa mafuta. Mama alikwenda moja kwa moja uani akashika sufuria ya maji, nami nikamwita kutoka kitandani nikasema, "Mama, acha, kazi zote zimeshafanywa." Nilidhani ninampumzisha mtu aliyetoka safari. Akaiweka sufuria chini akaja kukaa barazani, na kwa upenyo wa pazia niliiona mikono yake imelala mapajani, mikono ya mtu ambaye sikuwahi kumwona amekaa bila kusuka ukili au kukuna nazi. Alikaa hivyo, kwa kweli, siku mbili na nusu. Siku ya sita, yaani siku moja tu kabla hujanyolewa nywele, alisema kuku wake hawana wa kuwafungulia, akaaga kwa adabu zote, na kitambaa akakiacha chini ya mto wangu bila kukitaja.

Sasa usikie nilichofanya. Wiki ile mvua haikukatika na nepi zako hazikukauka, nami usiku mmoja nikakitoa kitambaa kile chini ya mto nikakichana vipande viwili. Marekani mpya huchanika kwa mlio mmoja mrefu, na mlio ule ninausikia mpaka leo, ingawa usiku ule nilichosikia ni kilio chako tu. Mama alirudi siku ya arobaini. Alifika mchana, jua limetoka kidogo, na kamba yote ya uani ilikuwa nepi tupu. Akasimama mbele ya vipande vile viwili. Akavianua, akavikunja, akapitisha kidole gumba juu ya ule upindo mwekundu tangu mwanzo wake hadi pale ulipokatikia, kisha akaviweka juu ya nguo zako nyingine. Akasema, "Marekani hii inanyonya vizuri." Halafu akauliza kama mkaa upo.

Kwa miaka mingi nimeamini kwamba alikuwa ananilaumu. Baba yako anasema sivyo. Anasema mama yangu alikuwa mtu wa kusema anachokiona, na alichokiona ni nguo inayomfaa mjukuu wake, na kwamba kitambaa kilichotoka kwangu mimi mtoto kikarudi kwa mtoto wangu hakikupotea. Zipo siku ninakubaliana naye. Nguo ya uzazi imetumika kwenye uzazi, kwa nini mtu ahuzunike? Lakini kidole gumba kile nilikiona mimi, yeye alikuwa kazini karakana ya reli, na kile kidole hakikwenda kama cha mtu anayepima kitambaa. Mama aliondoka kesho yake, na Bibi wa Muheza akaondoka siku hiyo hiyo, maana arobaini imekwisha na mzazi ametoka. Bibi zako wawili walikutana nyumbani mwangu siku nilizokuwa nimelala, na nilipoanza kusimama, na baba yako yuko zamu ya usiku, hapakuwa na hata mmoja. Nililia mbele ya ndoo ya maji, Zuhura, kwa sababu tu ilikuwa imejaa na nilishindwa kuinyanyua.

Ndiyo maana ninakuhesabia siku. Umesema utaanza likizo siku ya kujifungua na si kabla. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakupa siku 84 kwa mtoto mmoja, na zingekuwa 100 kama wangekuwa mapacha. Mumeo, kwa kuwa yuko kwenye kampuni, ana siku 3, na lazima azichukue ndani ya wiki ya kwanza. Ukitoa 40 kwenye 84 zinabaki 44, na hizo ndizo siku ambazo hakuna mtu anayeleta kuku. Baada yake inakuja siku ya kurudi ofisini, na wewe mwenyewe umeniandikia kwamba kliniki wanataka mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6, bila hata maji. Sheria inakuruhusu hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha wakati wa kazi, na ukazidai. Lakini kwa saa zilizobaki, huyo mtoto atakuwa mikononi mwa nani?

Kwa hesabu hiyo jibu lingekuwa jepesi: mama mkwe wako, ambaye yuko karibu na lami imemfikia mlangoni, akae nawe arobaini, nami nije yeye anapoondoka. Nimelisema jibu hilo kwa sauti hapa jikoni na baba yako akasema, "Basi liandike." Sikuweza. Mimba ya kwanza, kwetu sisi, binti hurudi kwa mama yake. Mimi nilinyimwa na nafasi, na mama yangu alinyimwa na mto, na nilikuwa nimejiambia kwamba wewe utakuja mwezi wa saba wa mimba nikukande mwenyewe katika chumba kile kile. Najua kwa nini hukuja. Kliniki yako iko huko, kadi yako iko huko, mumeo yuko huko, na mwanamke mwenye mimba ya kwanza kusafirishwa kutwa nzima kwa basi kupitia Segera na Chalinze si jambo la kulitetea. Nimekuwa ninajiambia haya tangu mwezi wa pili, na kila nikimaliza kujiambia ninakwenda kutikisa godoro la chumba kile.

Tena sina hakika kwamba mikono yangu bado ni ya kisasa. Sisi tulilambishwa asali kabla hatujaonja ziwa, na leo muuguzi anasema asali haifai kwa mtoto asiyetimiza mwaka. Kitovu tulikipaka hiki na kile, na leo kinatakiwa kiachwe kikavu mpaka kidondoke chenyewe. Kuna waliokamua dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mzazi, wakaimwaga kwa kuiona ya manjano, na leo tunaambiwa hiyo ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Hayo yote ninayakubali kwa moyo mmoja, na yeyote mwenye mafua asimkaribie mtoto hata akiwa mimi. Yale maji ya kukanda, yasiwe ya kuunguza, waulize wauguzi wako kwanza, hasa kama utakuwa na mshono. Uji wa pilipili manga siuachi, maana sijasikia aliyeukataza.

Baba yako kwa upande wake ana mambo mawili tu. La kwanza ni akika: anataka mbuzi wachinjwe siku ya saba, wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike, na nimemkumbusha kwamba siku ya kumi na nne na ya ishirini na moja nazo zinafaa, kwa hiyo asiwaharakishe watu kwa ajili ya mbuzi. La pili ni kwamba anataka tushukie Morogoro tupande ile treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Alifanya kazi reli miaka 31 na hajaipanda. Hilo nimemkubalia.

Na lipo jambo ambalo nilikusudia nisiliandike. Mumeo alipokuoa, mkaja wangu ulikuja ndani ya bahasha, kama inavyofanyika siku hizi, na fedha ile sikuigusa. Wiki iliyopita nilikwenda nayo dukani nikanunua marekani, mikono minne, nikaipinda kwa uzi mwekundu. Nitakuja nayo siku yoyote nitakayokuja. Nikikuta mama mkwe wako ameshakufunga ya kwake, nitaiweka pale utakaponiambia niiweke, na utakachoifanyia baadaye sitakuuliza.

Kwa hiyo nenda kamuulize yeye kwanza, kwa adabu anayoistahili, kwamba ni siku zipi angependa kuwa nawe. Mwana ni wake, na mjukuu ni wetu sote. Usimwambie mimi nataka nini. Ninalo ninalolitaka na limenikaa kooni wakati ninaandika haya, lakini nikilitaja utalifanya, kama nami nilivyofungwa kaniki kwa kushindwa kusema "ngojeni, mama yangu yuko njiani." Kisha jiulize wewe mwenyewe, usiku, mumeo amelala na hakuna anayekusikiliza, ni siku gani ambazo ukifumba macho unamwona mtu amesimama jikoni kwako, na huyo mtu ni nani. Siku hizo ndizo uniandikie, ziwe za mwanzo au za mwisho, na kama ni za mwisho nitakuja nikae hadi urudi kazini, na hata baada ya hapo. Mtoto hakosi wa kumpakata.

Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi ili baba yako akate tiketi. Uniambie pia kama baridi ya huko mwezi wa saba ni ya sweta tu au nije na blanketi zito la mtoto, kwa sababu hapa Tanga wanayouza ni mepesi na itabidi nifume mwenyewe.

Msalimu mumeo. Wadogo zako wanakupa shikamoo.

Mimi mama yako,
Tanga