Jibu: Kanda ya mwandishi inapiga mluzi ikichezwa

Salamu ndugu. Umesema una kanda ya magurudumu yenye sauti ya mwandishi maarufu akisoma, na ukiicheza inapiga mluzi na kuacha uchafu wa kahawia unaonata kwenye mashine. Umeuliza pia kama kweli ni sauti yake, na kama unaweza kuiuza. Zima, usirudie. Huo uchafu ndio sauti yenyewe inabanduka.

Kwanza inuse. Ikinuka siki ni asetati (aina ya plastiki ya kanda za zamani), usiipashe moto kabisa. Isiponuka, na ni ya miaka ya 1970 au 1980, huenda gundi inayoshikilia tabaka la sauti imefyonza unyevu. Mafundi huipasha taratibu kwenye nyuzi 50 hivi kwa saa kadhaa, kisha huinakili upesi kabla haijaanza kunata tena. Oveni ya jikoni hapana. Joto lake halitulii.

Kama kweli ni yeye, bila kuisikia siwezi kuapa. Linganisha na rekodi zinazojulikana; British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, inazo nyingi za waandishi. Boksi nalo usilitupe (watu hulitupa, ajabu!): tarehe na mwandiko wa juu yake huwa ushahidi mzuri.

Kuhusu kuuza, unamiliki kanda, si maneno yaliyomo. Hakimiliki kwa kawaida hubaki kwa warithi, basi usiipandishe mtandaoni kabla hujaongea nao.