Mkuu, hilo boksi la White Dwarf usililipie kabla hujapewa namba

Usitume hela. Umeandika kwamba kuna muuzaji Uingereza ana boksi zima la White Dwarf (jarida la Uingereza la gemu za mezani) "za zamani", bei ya jumla, na picha ya rundo ameshakutumia. Umeuliza mambo matatu: kama bei ni ya haki, uanze kusoma toleo lipi, na uyatunzeje yasiharibiwe na unyevu wa Tanga. Mimi nakuuliza moja tu. Amekupa namba za matoleo? Kama hajakupa, simama hapo hapo.

Boksi la namna hiyo nililinunua mimi. Muuzaji wangu naye aliandika "za zamani", naye alipiga picha rundo likiwa limelala, kingo tu zinaonekana. Nikalipia majarida, nikalipia usafiri kwa kilo hadi Dar, nikalipia na kuutoa mzigo. Karatasi ile ya kung'aa ni nzito, na wakala wa mizigo hakuulizi imeandikwa nini, anapima tu. Kufungua, ni matoleo ya miaka ya 1990 matupu! Ukurasa baada ya ukurasa ni visanamu vya Warhammer, gemu ya vita ya mezani, jinsi ya kuvipaka rangi, sheria za vita vyake, na bei zake. Kisa cha kucheza D&D (Dungeons & Dragons, gemu ya kuigiza wahusika na kusimulia visa) mezani na wenzangu hakikuwemo hata kimoja. Nilipomwandikia, alinijibu kwamba ni White Dwarf na ni za zamani, nilitaka nini zaidi? Alijua vizuri sana nilichotaka, kwa sababu nilimwambia kabla ya kulipa kwamba natafuta enzi ya D&D. Na yule jamaa wa kwenye kundi letu aliyeniambia "White Dwarf yoyote ile ni dhahabu, chukua haraka" alikuwa hajawahi kushika hata moja. Watu wa aina hii ndio wanaotupotezea hela, na sasa naona wameanza kukujibu na wewe.

Kinachotakiwa kujulikana ni hiki: jina ni moja, majarida ni mawili. Mwaka 1975 Ian Livingstone, Steve Jackson (yule Mwingereza, maana kuna mtunzi wa gemu wa Marekani mwenye jina hilo hilo) na John Peake walianzisha kampuni ya gemu, Games Workshop, huko London. Walipata haki ya kuuza D&D Ulaya wakati Waingereza wengi hawajaisikia kabisa. Walianza na kijarida chembamba, Owl and Weasel, na Juni 1977 wakatoa namba 1 ya White Dwarf, Livingstone akiwa mhariri. Alibaki kwenye kiti hicho hadi mwaka 1986.

Hiyo ndiyo White Dwarf unayoitafuta. Jarida la wachezaji wanaoandikiana. Kulikuwa na safu ya Fiend Factory, ambapo msomaji yeyote aliweza kutuma dude alilolibuni mwenyewe likachapishwa na takwimu zake zote, tayari kwa kutumika mezani. Kulikuwa na Open Box ya kuhakiki gemu mpya, Treasure Chest ya hazina na vifaa vya ajabu, Starbase kwa wachezaji wa gemu ya Traveller, Rune Rites kwa wa gemu ya RuneQuest. Vibonzo vya Thrud vilikuja baadaye kidogo, na mimi navipenda hadi leo.

Wewe si umecheza gemu ya kompyuta ya Baldur's Gate 3? Umezunguka na mhusika wake Lae'zel. Watu wake, githyanki, walitoka kwenye Fiend Factory, namba 12 ya mwaka 1979, na aliyewabuni alikuwa kijana wa shule, Charles Stross, ambaye leo ni mwandishi mkubwa wa riwaya za sayansi ya kubuni. Mwaka 1981 TSR, kampuni ya Marekani iliyochapa D&D, walipochapa kitabu cha madude, Fiend Folio, walichukua madude mengi kutoka safu ile, na githyanki wakawekwa kwenye jalada. Kijana anatuma barua kwa jarida, na zaidi ya miaka arobaini baadaye wewe unamwona kiumbe wake kwenye skrini yako Tanga. Hicho ndicho kinachofanya matoleo yale yastahili hela yako, na ndiyo maana nachukia kuona mtu anauziwa katalogi ya visanamu kwa jina hilo hilo.

Mabadiliko hayakutokea siku moja. Warhammer ilitoka mwaka 1983, kampuni ikaona faida iko kwenye visanamu vyake yenyewe, uhariri ukahamia Nottingham, na gemu za wengine zikaanza kupunguzwa kurasa. Ukifika namba 100, Aprili 1988, D&D imeshaondoka. Anayependa Warhammer atayafurahia matoleo ya baada ya hapo na simlaumu, lakini wewe hukusema unataka Warhammer.

Kwa hiyo lipia namba, usilipie boksi. Mwambie muuzaji apige picha jalada la kila toleo namba ikionekana, moja moja, si rundo. Chini ya 75 chukua kwa moyo mmoja. Kuanzia 75 hadi karibu 100 dai na picha ya ukurasa wa yaliyomo, kwa sababu humo mna mchanganyiko na kila toleo lina hali yake. Zaidi ya 100, waachie wenyewe. Akisema hana muda wa kupiga picha zote hizo, au kwamba kuna mteja mwingine anasubiri, mwache ampe huyo mteja mwingine. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo, na ndiyo yaliyonifanya nilipe usiku ule ule.

Mwandikie leo. Akikupa namba, zibandike hapa kabla hujagusa simu kutuma chochote, nami nitakuambia ipi ya kuchukua na ipi ya kuacha.