Dola 200 za dada: zinapungulia wapi njiani?

SWALI: Dada yangu yuko Marekani na hututumia dola 200 kila mwezi. Kampuni humwambia ada ni dola 5, lakini nikipiga hesabu kwa bei ya dola ya siku hiyo, nakuta pesa zilizoingia kwenye simu zimepungua zaidi ya shilingi elfu moja. Zinaenda wapi?
Msomaji, Kayole, Nairobi

JIBU: Ada anayoiona ni makato ya kwanza tu. Mengine yamefichwa ndani ya bei ya kubadilishia dola. Tuseme dola iko shilingi 129 sokoni, na kampuni imempa 125. Ukitoa ada zinabaki dola 195. Mara 125, unapokea shilingi 24,375. Bila makato zingekuwa 25,800. Zimepotea 1,425, yaani asilimia 5.5: ada imekula 645, bei mbaya ya dola imekula 780. Kwa hiyo tangazo la "kutuma bure" lisimharakishe. Aulize jambo moja: nikitoa dola 200, Nairobi zitafika shilingi ngapi? Aulize kampuni tatu saa ile ile, maana bei hubadilika hata ndani ya siku.

Alipe kutoka akaunti yake ya benki. Kadi ya mkopo huweza kuhesabiwa kama ametoa pesa taslimu, na riba ikaanza siku hiyo hiyo. Akilipa taslimu, kuanzia Januari 1, 2026 sheria ya Marekani inaongeza kodi ya asilimia 1. Pesa za akaunti haziguswi.

Mwaka 2015, katika Lengo la 10 la Maendeleo Endelevu, lile la kupunguza pengo la usawa ndani ya nchi na kati ya nchi na nchi, mataifa yaliahidi kuyashusha makato haya chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Bado wastani wa dunia unazunguka asilimia 6, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo ghali kuliko kanda zote. Inauma, kwa sababu Wakenya walio nje hutuma karibu dola bilioni 5 kwa mwaka: kila asilimia 1 ni kama dola milioni 50 za karo na dawa.

Na jina lako aliandike kama lilivyo kwenye kitambulisho na kwenye laini ya simu. "Mama Brayo" hukwama kwenye ukaguzi, hata kama namba ni sahihi.