Waambie Nyumbani Kuwa Uko Darasani

Jaribio la chuo, nililolifanya mtandaoni kwa simu, lilikuwa la dakika 20. Dakika ya sita, mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Kongwa, aliniita: "Mwanangu, hebu angalia maharage, naona kama yanaungua." Nikaenda. Nikaongeza maji, nikapunguza moto, nikaulizwa chumvi iko wapi. Niliporudi muda ulikuwa umekwisha, mfumo umejifunga, na maswali manne sijayagusa.

Sikumlaumu. Alichokiona yeye ni mkwewe amekaa sebuleni na simu mkononi. Angejuaje kwamba ile simu ndiyo darasa?

Huu ni mwaka wangu wa tatu nasoma mtandaoni, mchana niko kazini Mtumba, jioni narudi Nkuhungu, hapahapa Dodoma, kwa mume na watoto wawili. Wanaotaka kuanza huniuliza kwanza habari ya kompyuta na vifurushi. Mimi nawaambia waanze na watu wa nyumbani. Anayekwenda chuoni huonekana anatoka na begi, kila mtu anajua kaenda kusoma. Sisi hatuonekani tukitoka, kwa hiyo tunatumwa, tunaletewa wageni, tunaulizwa funguo.

Baada ya lile jaribio nilikaa na familia nzima, mama mkwe akiwemo, nikawaeleza ninasoma nini, ada ni kiasi gani na nitamaliza lini. Nikabandika ratiba mlangoni: Jumatatu na Alhamisi, saa mbili hadi saa nne usiku. Nikahamisha kiti na meza ndogo chumbani, nikakubaliana na watoto kwamba kitenge kikining'inia mlangoni, mama yuko shule. Watoto walilishika hilo siku ileile. Watu wazima iliwachukua wiki kadhaa. Nami nikaahidi kuwa Jumapili sishiki masomo, na ahadi hiyo naitunza, maana ukidai muda wa watu lazima na wewe uwape wa kwao.

Upande wa vifaa, usijinyime usingizi. Zima kamera ukiruhusiwa, kwa sababu picha ndiyo inayomaliza MB. Sauti peke yake hula kidogo. Pakua mihadhara na maandiko mapema, umeme na mtandao vikiwa bado vipo. Tafuta hedifoni kabla ya Desemba: mvua ya Dodoma ikipiga kwenye bati, mhadhiri humsikii hata kidogo.

Lakini saa ya kukusanya kazi iangalie kwa makini sana. Kazi yangu moja iliandikwa mwisho ni tarehe 15, saa 12:00 AM. Kichwani mwangu nikasoma saa kumi na mbili asubuhi, nikapanga kuamka alfajiri niimalizie. Kumbe ile ni saa sita usiku, tarehe 15 inapoingia tu. Nilipoamka nilikuwa nimechelewa. Sasa kila tarehe naihamishia kwenye daftari kwa saa zetu, na mwisho wangu mimi ni siku moja kabla.

Jambo jingine nililipata kazini, kwa kaka mmoja aliyesoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambako watu husoma wakiwa majumbani kwao. Chuo hicho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kabla intaneti haijaingia majumbani mwetu, na yeye alisomea vitabu vya karatasi. Nilipomuuliza alimalizaje, hakutaja vitabu. Alitaja wenzake watatu waliokuwa wakikutana kila Jumamosi.

Nikatafuta wa kwangu. Tuko watatu: mimi, dada mmoja wa Ipagala, na mwingine yuko Mpwapwa. Wawili tunakutana Maktaba ya Mkoa, kisha tunatoka nje na kumpigia wa tatu. Kila mmoja anaeleza mada moja kwa mdomo, bila kusoma popote. Hapo ndipo unagundua ulichodhani unakijua hukijui, na swali la kumpelekea mhadhiri linapatikana hapohapo, wiki nyingi kabla ya mtihani.

Tuna pia makubaliano: mtu akikaa kimya siku mbili, anapigiwa simu, si kuandikiwa ujumbe. Mwaka jana yule wa Mpwapwa alinyamaza mwezi wa pili, wakati wa palizi. Tulipompigia alikuwa ameshaamua kuacha. Moduli tatu zilikuwa zimempita. Tulimsomea kwa simu kila usiku kwa wiki mbili, nusu saa nusu saa, yeye akiwa ametoka shamba. Moduli mbili alifaulu, ya tatu anairudia muhula huu.