Kabla ya kugawanya, hesabu waliobaki

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya data hapa Kisumu, wengi wenu mnafika mkijua kuandika coxph, amri ya kuchambua muda hadi tukio litokee, kwenye programu ya takwimu ya R kabla hamjajua hazadi ni nini. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilipita mtihani wa chuo na fomula kichwani, na mwaka wa kwanza kazini fomula ileile ikaniaibisha.

Tuanze na vifaranga. Chukua banda moja la Ahero lenye vifaranga 100. Wiki ya kwanza wanakufa 10, wiki ya pili 9. Jirani atakwambia afadhali, vifo vimepungua. Lakini wiki ya pili ilianza na vifaranga 90, na 9 kwa 90 ni kumi kwa mia vilevile. Afadhali iko wapi? Wiki ya tatu wanakufa 4 kati ya 81, na hapo ndipo hatari imeshuka kweli. Hazadi ni hiyo: kasi ya tukio kutokea sasa hivi kwa wale ambao bado halijawapata. Aliyekwisha kufa ametoka kwenye hesabu.

Ni kasi, si uwezekano, na kasi haiendi bila kipimo cha muda. Kupoteza kumi kwa mia kila wiki ni hazadi ya kama 0.105 kwa wiki. Igeuze iwe ya mwaka utapata karibu 5.5, na uwezekano wa 5.5 haupo duniani. Umbo lake nalo hutofautiana: ya vifaranga hushuka wakikomaa, ya tairi la boda hupanda kadiri linavyolika.

Sasa karo imefika, mwenye banda anauza 20. Hatujui hao wangekufa lini. Tunajua tu kwamba hadi siku ya soko walikuwa hai. Huko ndiko kukatizwa kwa data. Kwa njia ya Kaplan na Meier ya mwaka 1958, inayokadiria wangapi wanabaki hai kadiri muda unavyokwenda, wanahesabiwa hadi siku hiyo, kisha wanatoka. Usiwafute, wala usiwaweke kwenye vifo. Ila kuna mtego: kama aliuza wale waliojikunyata pembeni, mabawa yamelegea, waliobaki wataonekana wazima kuliko banda lilivyokuwa. Programu haitakuonya. Muulize aliyeuza.

Mwaka 1972 David Cox wa Uingereza alitoa modeli ya rigresheni, yaani ya kupima jinsi kitu fulani kinavyopandisha au kushusha hazadi, ambayo sote tunaitegemea. Aliiacha hazadi ya msingi, ile ya kundi la kulinganishia, bila kuipa umbo lolote. Kila tukio likitokea, modeli inatazama limempata nani, na nani wengine walikuwa bado hatarini saa hiyohiyo. Kinachotoka ni uwiano wa hazadi, yaani hazadi ya kundi moja ukiigawanya kwa ya kundi lingine, na hapa ndipo ripoti nyingi zinapoharibika. Tuseme kliniki inalinganisha wagonjwa waliopata huduma fulani na wasioipata, na tukio ni kuacha dawa: uwiano wa 0.6 hausemi walioacha dawa wamepungua kwa asilimia 40. Ikiwa bila huduma wangebaki kwenye dawa 50 kati ya 100, kwa uwiano huo watabaki kama 66, yaani walioacha wametoka 50 wakawa 34. Hiyo ni theluthi moja hivi. Tena modeli inadhani uwiano ni uleule tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Pima dhana hiyo kwa cox.zph, amri nyingine ya R, lakini chora grafu kwanza. Macho huona mengi.

Aibu yangu sasa. Nilipewa rejista ya kliniki moja nilinganishe wateja waliojiunga na kikundi cha kusaidiana na wasiojiunga. Matokeo yalikuwa matamu mno: kikundi kilionekana kuzuia watu kuacha dawa kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona. Nikaweka grafu ukurasa wa kwanza. Sista mmoja mkongwe akaitazama, akavua miwani.

"Kijana wangu, kikundi huanza mwezi wa nne. Huyu aliyeacha wiki ya pili angejiunga lini?"

Nilinyamaza. Ili uitwe mwanakikundi, ilibidi kwanza uvumilie miezi mitatu bila kuacha, na mimi miezi hiyo nilikuwa nimeihesabia kikundi kama sifa yake. Wale walioacha mapema wote niliwarundika upande wa pili.

Tiba ya kosa hilo ni kuigawa rekodi ya mtu iwe safu mbili, yaani mistari miwili ya jedwali, ambamo 1 ni ndiyo na 0 ni hapana. Mteja wa 17, kwa mfano: safu ya kwanza siku 0 hadi 90, kikundi 0, tukio 0, ya pili siku 90 hadi 240, kikundi 1, tukio 1. Kila siku inaenda upande alikokuwa siku hiyo. Nilirudia kazi yote usiku, feni inazunguka hewa ileile ya moto, na uwiano wangu mtamu ukasogea hadi karibu kabisa na 1, yaani makundi mawili karibu hayatofautiani.

Asubuhi nikampelekea Sista karatasi mpya. Alisoma taratibu, akaniuliza, "Na wale waliohamia Busia, umewaweka wapi?"

Nilikuwa nimewaweka kwa walioacha. Nikafungua faili tena.