Maswali ya wasomaji: Bwawa limejaa, mlau je?

*Ndugu wahariri, sisi wa Ikwiriri tuliambiwa Bwawa la Julius Nyerere litatuondolea mafuriko. Mbona Aprili 2024 maji yalitufikia? Na mashamba ya mlau, yale tunayopanda bondeni mafuriko yakishapungua, bado yanalipa? (Mkulima wa bondeni)*

Ndugu mkulima, kinachozuia mafuriko ni nafasi tupu iliyobaki bwawani siku masika yanapoanza. Bwawa hilo la Mto Rufiji linabeba takriban mita za ujazo bilioni 33. Maji yakifika mita 184 juu ya usawa wa bahari limejaa, na kuanzia hapo kila kinacholetwa na Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu lazima kitoke kwenda kwenu. Lilianza kujazwa Desemba 2022, na kufikia masika ya Aprili 2024 nafasi iliyobaki ilikuwa ndogo.

Mvutano uko hapa: mzalishaji umeme anapenda maji yakae juu, kwa sababu kila mita ya kimo humpa umeme zaidi kwa maji yaleyale. Wewe unataka ayashushe kabla ya Machi. Mitambo iko 9, kila mmoja megawati 235. Piga hesabu: kwa kimo cha mita 100 na ufanisi wa asilimia 90, mtambo mmoja hunywa kama mita za ujazo 266 kwa sekunde. Mto wenyewe, kwa wastani wa mwaka, huleta 800 hadi 900 hivi. Ni maji ya mitambo 3 usiku na mchana. Ndiyo maana makadirio ya mradi ni saa za gigawati 5,920 kwa mwaka, chini kidogo ya theluthi ya uwezo wake. Mitambo iliyosalia hufaa zaidi saa ambazo matumizi ya umeme yamepanda. Usishangae basi mto ukipanda na kushuka bila mvua, na mtumbwi usiuache chini kabisa ya gema.

Kuhusu mlau, hasara kubwa ni tope. Maji yakitulia bwawani, tope linazama hukohuko. Yanayotoka ni meupe na yana njaa, yanakula kingo. Hata mafuriko yakija, hayaachi ule utelezi mweusi uliokuwa mbolea ya bure. Mikoko ya delta nayo, na kamba wanaokulia humo, hutegemea tope hilohilo.

Tunavyoshauri: kabla ya kupanda, chimba hadi kiwiko, chukua udongo wa chini ufinyange. Donge likishikamana bila kuchuruzika maji, panda siku hiyohiyo. Likivunjika vumbi, umechelewa kwa mahindi. Weka choroko, ambayo hukomaa kwa siku 60 hadi 75. Samadi iliyooza, viganja viwili kila shimo, izibe pengo la tope. Samadi mbichi itaunguza mbegu. Na msisubiri uvumi wa boda boda: serikali ya kijiji iombe Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji na TANESCO ratiba ya kufungulia maji, kwa maandishi, mapema Februari.

*Ruaha Mkuu hukauka kiangazi ilhali Mbeya mvua ni nyingi. Maji yanakwenda wapi? (Msomaji, Iringa)*

Yanaishia bonde la Usangu, Mbeya. Mto huingia kwenye ardhioevu ya Ihefu na kutokea kwenye mwamba wa Ng'iriama, ambao ni kama kizingiti cha mlango. Kina kikishuka chini ya kizingiti, hata kama Ihefu bado ina maji, hakipiti kitu. Hali hiyo imekuwa ikijirudia tangu 1993, na viboko wa Hifadhi ya Ruaha hubaki wakisongamana kwenye madimbwi. Mpunga wa masika si mkosaji mkuu. Tatizo ni mifereji inayoachwa wazi Agosti hadi Novemba, maji yakimwagika kwenye majaruba yasiyo na kitu. Fungeni lango la banio, pale maji ya mto yanapoingia mferejini, mkishavuna, mkiacha tu kiasi cha kunywa watu na mifugo, na muwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mwenye funguo.