Nimechoka na filamu zilezile za laibrari

SWALI: Salamu nyingi, mama. Naishi Arua na wanangu watatu. Kila nikienda laibrari, duka la filamu, kujaza flashi, kijana ananipa zilezile: ngumi za China, mapenzi ya India, zote vijey, yule mtafsiri wa filamu, kashaongea juu yake. Nataka za nchi ambazo hatujazoea. Shida ni yale maandishi ya chini. Mdogo bado hajui kusoma, na mimi Kiingereza cha mbio kinanishinda. Nianzie wapi?
Mama wa Watatu, Arua

JIBU: Anzia Irani, dada yangu. Tafuta filamu ya Abbas Kiarostami ya mwaka 1987, kwa Kiingereza inaitwa Where Is the Friend's House? Mtoto Ahmad amebeba daftari la mwenzake kimakosa, na mwalimu amekwisha kuapa kwamba mwenzake huyo akija tena bila kazi yake daftarini, atafukuzwa. Ahmad anakimbilia kijiji cha pili kulirudisha, na nyumba haijui. Basi, ni hilo tu, na utashindwa kukaa kitako.

Nilimwonyesha mama yangu kule Bombo, mwaka alioumwa miguu. Shule hakwenda. Nilikaa mkekani ubavuni pake nikawa namsomea yale maandishi kwa Kiswahili, marefu nikiyakata. Tulipofika pale babu anapomtuma mtoto sigara, na kumbe sigara anazo, mama akainua mkono ninyamaze. "Acha. Huyo namjua."

Hiyo ndiyo kazi ya vijey, na sisi Uganda tumekulia kwenye vibanda vya video tukiisikia. Ifanye sebuleni kwako, kwa lugha ya wanao. Itazame kwanza peke yako watoto wakilala, usimamishe kila sentensi inayokupita. Kesho yake utakuwa na maneno mdomoni. Ila vichekesho vya kibandani usitie. Watoto waache wasikie kimya cha filamu yenyewe.

Za bure zipo YouTube. Hifadhi ya filamu ya Korea ina chaneli yake, Korean Classic Film, yenye filamu za zamani na maandishi ya Kiingereza. Mosfilm ya Urusi nao wameweka zao nyingi.

Na ukipenda filamu, shika jina la mwongozaji, maana ndilo litakalokufikisha kwenye nyingine. Mimi jina la Djibril Diop Mambéty wa Senegali silisahau. Touki Bouki yake ya 1973 ina vijana wawili wa Dakar wanaotaka kwenda Paris kwa kila hali, na pikipiki yenye pembe za ng'ombe mbele. Hiyo itazame na bwana au na jirani, kwa sababu ng'ombe wanachinjwa humo waziwazi.

Mkimaliza ya Irani niandikie. Nataka kujua yule mdogo alisema nini kuhusu daftari.